Kemia ya Kijani, Sehemu ya Pili: Sumu Huzuiwa Kwenye Karatasi, Si Kwenye Bomba

Kemia ya kijani hutafuta njia za kutengeneza bidhaa bila kutumia wala kuzalisha vitu vyenye madhara, na pale isipowezekana kabisa, kuvipunguza hadi kiasi kidogo iwezekanavyo. Tofauti yake na usafishaji wa kawaida wa mazingira iko kwenye wakati. Mhandisi wa majitaka huanza kazi sumu ikiwa imekwishapatikana. Mkemia wa kijani huanza mapema zaidi, mmenyuko ukiwa bado mchoro kwenye karatasi, na swali lake la kwanza ni kama sumu hiyo ina ulazima wowote wa kuwapo.

Historia ya Minamata inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Kuanzia 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso katika mji huo wa kusini mwa Japani kilitengeneza asetaldehaidi, malighafi ya kemikali nyingi za viwandani, kwa kuunganisha gesi ya asetilini na maji. Kichocheo kilikuwa salfeti ya zebaki. Sehemu ya zebaki iligeuka methili-zebaki humo humo mtamboni, ikatoka na majitaka hadi baharini, ikaingia kwa samaki na chaza, kisha kwa wavuvi na familia zao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: vidole kufa ganzi, macho kupoteza uwezo wa kuona pembeni, ulimi kuwa mzito, watoto kuzaliwa na ubongo ulioharibika ilhali mama zao hawakuonyesha dalili kubwa. Desemba 1959 kampuni ilizindua mtambo wa kusafisha majitaka kwa sherehe, na mkuu wake akanywa glasi ya maji mbele ya wageni. Mtambo ule haukusanifiwa kuondoa zebaki ya aina hiyo, na maji ya kwenye glasi hayakutoka upande wa asetaldehaidi.

Zebaki iliendelea kumwagwa hadi 1968. Wakati huo njia mpya iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, iitwayo njia ya Wacker, ilikuwa imeenea: inatengeneza asetaldehaidi ile ile kutokana na ethilini na oksijeni, kwa kichocheo cha paladiamu na shaba, bila hata tone la zebaki. Chisso iliachana na njia yake kwa kuwa ilikuwa imepitwa na wakati kibiashara. Ni jambo la fedheha kwamba hesabu za biashara zilifanya kilichoshindwa kufanywa na vilio vya wagonjwa. Kikemia lakini, funzo halina utata: miaka tisa ya mtambo wa kusafisha haikuzuia madhara, na kubadili mmenyuko kuliyaondoa yote kwenye chanzo.

Fikra hiyo ilipata jina lake Marekani. Sheria ya Kuzuia Uchafuzi ilipitishwa huko mwaka 1990, na mwaka uliofuata Paul Anastas, mkemia wa shirika la serikali la mazingira, alianza kuzungumzia kemia ya kijani. Mwaka 1998 yeye na John Warner walichapisha kitabu chenye kanuni 12 za kemia ya kijani. Kanuni bila kipimo hubaki nasaha tu, na vipimo viwili vilikuwa vimekwishapatikana. Barry Trost alipendekeza mwaka 1991 kuhesabu ni sehemu gani ya atomi za malighafi inayoishia ndani ya bidhaa. Roger Sheldon naye, mwaka 1992, aligawanya uzito wa taka kwa uzito wa bidhaa na kuliita jibu kipimo E.

Majibu ya Sheldon yaliwashangaza wengi. Viwanda vya kusafisha mafuta, ambavyo moshi wake huonekana kutoka mbali, vilikuwa na taka chini ya kilo 0.1 kwa kila kilo ya bidhaa. Viwanda vya dawa za binadamu, vyenye sakafu zinazong'aa, vilifikia kilo 25 hadi 100 na zaidi. Sababu ni kwamba dawa hupitia hatua nyingi, kila hatua ina viyeyushi vyake na usafishaji wake, na taka hujumlishwa hatua kwa hatua. Jumla ya tani za taka bado ni kubwa katika mafuta, kwa vile bidhaa yenyewe ni nyingi mno. Kipimo E hueleza ufanisi wa njia, hakipimi ukali wa sumu.

Ibuprofeni, dawa ya maumivu inayopatikana katika kila duka la dawa, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Njia ya kampuni ya Boots ya miaka ya 1960 ilikuwa na hatua sita, na ni asilimia 40 tu ya atomi za malighafi zilizoingia kwenye dawa. Mwaka 1992 kiwanda kipya kilifunguliwa Bishop, Texas, kikitumia hatua tatu. Asilimia 77 ya atomi zikaingia kwenye dawa, na ukihesabu asidi ya asetiki inayopatikana pembeni na kuuzwa, karibu asilimia 99 zikawa na kazi. Siri kubwa ilikuwa vichocheo. Kichocheo ni kama mshenga: huwakutanisha wawili, kisha hujiondoa akiwa mzima, tayari kwa kazi nyingine. Njia ya zamani ilitumia kloridi ya alumini kwa wingi, nayo ikaishia kuwa taka. Hata hivyo, njia mpya hutegemea haidrojeni floridi, kimiminiko kinachounguza hadi mfupani, ingawa huzungushwa na kutumika tena karibu chote. Neno kijani hapa hulinganisha njia mbili. Halitoi cheti cha usafi.

Katika Afrika Mashariki, zebaki haijawa historia. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya, Migori na kwingineko husaga mawe kwenye karasha, huosha unga kwenye mwalo uliotandikwa magunia, kisha hukamata chembe za dhahabu kwa kuzichanganya na zebaki ndani ya karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Mchanganyiko hukamuliwa kwenye kitambaa, hubaki kitonge cheupe ambacho takriban nusu yake ni zebaki, nacho huchomwa kwenye makaa. Zebaki huchemka nyuzi 357 za Selsiasi, hivyo hupaa karibu yote na kuiacha dhahabu. Mvuke huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa jirani, na unaobaki hutua kwenye paa, kwenye udongo na kwenye maji, ambako bakteria huugeuza methili-zebaki, sumu ile ile ya Minamata. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu huchangia karibu asilimia 38 ya zebaki inayoingizwa hewani na shughuli za binadamu duniani.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi Agosti 2017, unazitaka nchi zikomeshe matendo manne mabaya kuliko yote: kumwaga zebaki kwenye mawe yote badala ya unga uliokwishachujwa, kuchoma kitonge mahali pa wazi, kukichoma kwenye makazi, na kulowesha kwenye sianidi marudio (mabaki ya unga uliokwishachenjuliwa) yenye zebaki kabla ya kuiondoa. La nne halijulikani sana, nalo ni la hatari ya pekee. Uchenjuaji kwa zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu kwenye marudio, ndiyo maana marudio yenyewe huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi. Lakini sianidi huyeyusha zebaki pia, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji mbali zaidi kuliko ile iliyotulia chini ya karai.

Hatua ya haraka na rahisi ni kuchomea ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Chombo hicho hupunguza sana mvuke na humwokolea mchimbaji fedha. Bado ni suluhisho la kwenye bomba: zebaki ingali mkononi, kwenye karai na kwenye marudio. Njia inayofuata fikra ya kemia ya kijani imetumiwa kwa miongo kadhaa na wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, na imejaribiwa Chunya. Unga huoshwa kwa makini zaidi hadi ubaki mzito wenye dhahabu nyingi, kisha huchanganywa na boraksi na kuyeyushwa kwenye bakuli la udongo kwa makaa na feni. Boraksi hushusha kiwango cha joto cha kuyeyukia, madini mengine huelea kama kioo, dhahabu hutuama chini. Ugumu wake ni kwamba uoshaji huchukua muda, dhahabu lazima iwe chembe huru zisizofungwa ndani ya madini mengine, na anayelipwa kwa siku hana sababu ya kungoja. Mafunzo yasiyogusa malipo na umiliki wa karasha hayafiki mbali.

Viwanda vya ngozi vina mgogoro wa namna nyingine, kwa maana huko njia mbadala ni ya zamani kuliko ile inayochafua. Tani moja ya ngozi mbichi hutoa kilo 200 hadi 250 tu za ngozi iliyokamilika, na hutumia maji lita 30,000 au zaidi. Nywele huondolewa kwa chokaa na salfaidi ya sodiamu, na salfaidi ikikutana na asidi hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo imewaua wafanyakazi wengi ndani ya mashimo ya majitaka. Kisha ngozi hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu, ambazo kwa utaratibu wa kawaida theluthi yake hivi hukataa kuingia kwenye ngozi na hutoka na maji.

Uboreshaji upo katika kila hatua. Vimeng'enya vinavyolegeza mizizi ya nywele hupunguza salfaidi. Kurekebisha joto, muda na ukali wa asidi huifanya ngozi inywe zaidi ya asilimia 90 ya kromiamu, bila mashine mpya, na kiwanda hununua chumvi kidogo zaidi. Kuacha kromiamu kabisa kunawezekana kwa tanini za mimea. Pwani, magome ya mikoko yalivunwa na kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Njombe kuna mashamba ya miwati tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, pamoja na kiwanda cha tanini, na karibu theluthi ya uzito wa gome kavu la muwati ni tanini. Ngozi iliyodabaghiwa kwa tanini ni ngumu na nzuri kwa soli, mikanda na mikoba, haifai sana kwa viatu laini. Majitaka yake ni meusi na hula oksijeni ya mto, na muwati wenyewe, mti wa asili ya Australia, huvamia misitu na nyika ukiachwa bila kuangaliwa.

Kanuni ya kumi kati ya zile 12 inasema bidhaa ikimaliza kazi ivunjike, isidumu. Pareto, ua la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hutimiza hilo: sumu yake huua wadudu na kuharibika kwa mwanga wa jua ndani ya saa au siku chache, ilhali DDT hudumu udongoni miaka mingi. Permethrini iliyobuniwa Uingereza mwaka 1973 kwa kuiga molekuli ya pareto ilifanywa istahimili jua ili imfae mkulima, na kwa hiyo ni hatari zaidi kwa samaki ikifika mtoni.

Mahali nafuu zaidi pa kuanzia ni maabara ya shule. Jaribio la kupima ukali wa asidi hutumia sentimeta za ujazo 25 za alkali kwa kila mwanafunzi, tena kwa marudio matatu au manne. Likifanywa kwa matone, kwa bomba la sindano la mililita moja na sahani ya plastiki yenye vishimo, hutumia sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na jibu hukaribia lile la bureti kiasi cha kutosha kwa somo. Faida huwa kubwa zaidi kwenye majaribio yenye chumvi za risasi, fedha na kromiamu: mabaki ya darasa zima hutosha kwenye chupa moja, yakahifadhiwa na kutibiwa, badala ya kumwagwa kwenye sinki.