Kuelekeza au Kurudisha? Safari ya Mtumiaji wa Tovuti Baada ya Kuingia

Makala haya yanafafanua namna tovuti inavyomrejesha mtumiaji kwenye ukurasa aliokuwa akiusoma kabla ya kuombwa nywila, pamoja na nafasi ya kitenzi cha Kiswahili katika kumweleza tendo hilo.

Itifaki ya HTTP, ambayo kwayo kivinjari huwasiliana na seva, haina kumbukumbu: kila ombi hushughulikiwa peke yake. Msomaji wa kamusi ya mtandaoni akifungua kidahizo kilichotengewa waliosajiliwa, hupelekwa kwenye ukurasa wa kuingia. Tovuti isipohifadhi anwani ya kidahizo hicho, msomaji huishia kwenye ukurasa wa mwanzo na kulazimika kukitafuta upya.

Njia mbili hutumika sana. Ya kwanza ni kuambatisha anwani ya ukurasa uliotangulia kwenye anwani ya ukurasa wa kuingia. Ya pili ni kuihifadhi katika seva na kumtambua mwenyewe kwa kidakuzi. Nywila ikikubaliwa, seva hutoa msimbo 302 au 303 pamoja na anwani ya kwenda. Ieleweke kwamba misimbo hiyo haina dhana ya kurudi. Maana ya kurudi hutokana na anwani iliyohifadhiwa.

Hapo ndipo ilipo hatari. Tapeli aweza kuibadilisha anwani iliyoambatishwa, kisha akamtumia mtu kiungo hicho. Mtumiaji huingia katika tovuti halali, lakini hujikuta kwenye tovuti bandia inayofanana nayo, ambako hutakiwa kuandika nywila tena. Kwa hiyo, seva haina budi kukubali anwani za tovuti yake pekee; ikipokea nyingine, impeleke mtumiaji kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kiisimu, kitenzi elekeza hutaja upande wa kwenda bila kudai kwamba mhusika aliwahi kuwapo huko. Rudisha, kauli ya kutendesha ya rudi, hudai hivyo. Ujumbe "Unaelekezwa upya" haumwambii mtumiaji aendako, hivyo hauwezi kumzindua anapopotoshwa. Makala haya yanapendekeza "Unarudishwa kwenye ukurasa uliokuwa ukiusoma" utumike pale tu seva inapokuwa imeithibitisha anwani, na "Unapelekwa kwenye tovuti nyingine" pale anapotoka nje. Uteuzi wa kitenzi, basi, ni sehemu ya usalama wa mtumiaji.