Ndimu na jua: ‘Asilia’ si kinga ya ngozi

WAPO wakazi wengi wa mijini wanaoamini kuwa kipodozi kitokanacho na mmea hakina madhara. Kwa imani hiyo, baadhi yao hujisugua ndimu usoni au shingoni ili kung'arisha ngozi, kisha hutoka kwenda kazini juani. Matokeo huweza kuwa kinyume kabisa: ngozi hubabuka na kubaki na mabaka meusi.

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli maalumu kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinasi. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, rangi hufifia. Seli hizo zikichokozwa na jua au jeraha, rangi huongezeka.

Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikipakwa kwenye ngozi na kupigwa na mionzi ya jua, hujifunga kwenye vinasaba vya seli na kuzijeruhi. Muwasho na malengelenge hujitokeza baada ya siku moja hivi, wakati ambapo mhusika ameshaisahau ndimu aliyojipaka. Madoa yanayofuata huweza kudumu kwa wiki au miezi kadhaa.

Hata hivyo, kemikali za kundi hilo hilo zikitumiwa kitaalamu huwa dawa. Nchini Misri, mbegu za mmea uitwao Ammi majus zilitumika tangu zamani kutibu mbalanga, yaani ugonjwa unaoacha mabaka meupe mwilini. Katika miaka ya 1940, Dk. El Mofty wa Cairo aliwatibu wagonjwa kwa kemikali iliyochujwa kutoka katika mmea huo. Tofauti iko kwenye kipimo: hospitalini mionzi hupimwa, kwani ikizidi huunguza ngozi na kuongeza hatari ya saratani.

Upande wa pili ipo abutini, itokayo kwenye majani ya baadhi ya mimea ya nchi za baridi. Yenyewe huzuia tairosinasi, na ndiyo sababu hutiwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba abutini ni haidrokwinoni iliyofungwa na sukari. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi yasiyofutika kwa urahisi.

Zaidi ya hayo, melanini ndiyo mwavuli wa ngozi dhidi ya jua. Anayeipunguza hujivua kinga yake mwenyewe.

Kwa hiyo, aliyekamua ndimu na anawe kwa sabuni na maji kabla ya kutoka juani. Aliyetokwa na malengelenge asiyapasue, bali amwone daktari. Neno ‘asilia’ kwenye chupa humweleza mnunuzi dawa imetoka wapi. Halimwambii itaifanya nini ngozi yake.