Gari la Kuinulia Mizigo

Wasikilizaji wangu, kila mwaka msimu wa korosho ufikapo huko Tunduru, magunia hutoka vijijini yakakusanywa katika maghala, nayo mengi husafirishwa mpaka bandari ya Mtwara. Gunia moja likijaa huwa na uzito wa kilo 80 hivi. Wachukuzi hulibeba begani. Lakini penye mizigo mingi hutumika gari dogo liitwalo foklifti, lenye vyuma viwili mbele mfano wa meno ya uma. Leo nataka kuwaeleza kwa nini gari hili laweza kumwua mtu asiyefundishwa kuliendesha.

Bila shaka mmewaona watoto wakibembea juu ya ubao uliolazwa juu ya gogo: huyu akishuka, yule hupanda. Foklifti ni mfano wa ubao huo. Gogo ni magurudumu ya mbele; upande mmoja ni mzigo, na upande wa pili ni chuma kizito kilichowekwa nyuma ya gari. Mzigo ukizidi, au ukikaa kwenye ncha za meno, magurudumu ya nyuma huinuka. Na kwa kuwa hayo ndiyo yanayokata kona, dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Haya, fanyeni hesabu. Tuseme kibao cha gari kimeandikwa kilo 2000. Mtu atasema, "Magunia 25 ni kilo 2000 kamili, twende!" Amekosea. Chaga ya mbao iliyo chini ya magunia nayo ina uzito wake.

Dereva aliyefundishwa hukagua breki, magurudumu na minyororo ya kuinulia kabla ya kuanza kazi. Huenda na mzigo ukiwa chini, kama sentimita 15 tu juu ya ardhi. Ukimzibia macho, huenda kinyumenyume akitazama aendako. Penye mteremko, mzigo huelekea upande wa juu. Hampakii mtu juu ya meno, wala haruhusu mtu kupita chini yake. Hufunga mkanda, na gari likipinduka haruki, maana arukaye aweza kuangukiwa na paa la chuma. Hushika usukani kwa nguvu, akaegemea upande ulio kinyume na ule gari linakoangukia. Nanyi wachukuzi, msisimame karibu na gari likatapo kona, kwa sababu nyuma yake huyumba upande kwa ghafula.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri awalinde watumishi wake na kuwapa mafunzo, na baadhi ya vyuo vya VETA hufundisha kazi hii. Basi kijana akipewa ufunguo na kuambiwa, "Endesha tu," yampasa ajibu, "Bado sijafundishwa, bwana." Huenda ataogopa kukosa kibarua cha siku hiyo. Lakini kibarua hupatikana tena kesho. Mguu uliopondwa haurudi. Kuuliza si ujinga.