Kasi, Betri na Soketi: Hesabu ya Safari Ndefu kwa Pikipiki ya Umeme

Safari ya masafa marefu kwa pikipiki ya umeme huamuliwa na mambo mawili ambayo mpandaji wa pikipiki ya petroli hana haja ya kuyapima kwa pamoja, nayo ni kiasi cha nishati kinachotumika katika kila kilomita na muda unaohitajika kuirudisha nishati hiyo ndani ya betri. Mazungumzo ya watu huelekea zaidi kwenye ukubwa wa betri, kana kwamba betri kubwa peke yake ndiyo itakayomfikisha msafiri mbali, ilhali katika safari ya wiki kadhaa, ambamo betri ileile hujazwa mara nyingi, kinachotawala ni kasi ya kuchaji, na kasi hiyo ndiyo inayompangia mpandaji mwendo wa kwenda barabarani.

Kipimo kinachofaa kwa hesabu hizi ni uniti, yaani kilowati-saa moja, ileile inayonunuliwa kwa LUKU nchini Tanzania na kwa tokeni nchini Kenya. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9, kwa hiyo tangi la lita 15 hubeba zaidi ya uniti 130 katika uzito wa kilo 11 hivi. Betri ya lithiamu, ikipimwa pamoja na kasha lake, kwa kawaida hubeba uniti 0.2 hivi katika kila kilo, na hata pikipiki kubwa ya LiveWire, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Harley-Davidson mwaka 2019, ina betri ya uniti 15.5 tu. Pengo hilo hupunguzwa na ubora wa mota, kwa kuwa injini ya petroli hugeuza takriban robo ya nishati yake kuwa mwendo na kuipoteza iliyobaki kama joto, wakati mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90. Hata baada ya kupunguzwa hivyo, tangi lile la lita 15 bado lina uniti 33 za manufaa, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya betri nzima ya LiveWire.

Katika barabara tambarare nishati hiyo huliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ukinzani wa matairi, yaani nguvu inayopotea kila tairi linapobonyea na kurudi katika umbo lake, nao haubadiliki sana mwendo unapoongezeka. Cha pili ni ukinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa kasi, maana yake ni kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya hewa inayompinga mpandaji huongezeka mara nne. Pikipiki ni chombo kibaya sana mbele ya hewa, kwa sababu mabega, magoti, kofia na mikoba ya pembeni huivuruga hewa badala ya kuipitisha vizuri. Kwa pikipiki ambayo pamoja na mpandaji na mizigo ina kilo 250, hesabu za kawaida za fizikia huonyesha kwamba mwendo wa kilomita 60 kwa saa hutumia takriban uniti 4 kwa kila kilomita 100, mwendo wa kilomita 90 hutumia zaidi ya uniti 7, na mwendo wa kilomita 120 hufikia karibu uniti 12.

Takwimu hizo zikiunganishwa na muda wa kuchaji, hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Soketi ya kawaida ya nyumbani katika Afrika Mashariki, yenye fyuzi ya ampea 13, inaweza kutoa takriban kilowati 3, yaani uniti 3 kwa saa, endapo chaja ya pikipiki ina uwezo wa kuzipokea. Mpandaji anayekwenda kilomita 120 kwa saa humaliza zaidi ya uniti 14 katika saa moja na hulazimika kusimama karibu saa 5 kuzirudisha, hivyo wastani wa safari yake, ukijumlisha kuendesha na kuchaji, ni kilomita 21 kwa saa. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hutumia uniti 2.4 na kuzirudisha kwa dakika 48, kwa hiyo wastani wake ni kilomita 33 kwa saa. Wakiondoka pamoja na kutegemea soketi za aina moja, aliyekwenda nusu ya mwendo atatangulia kufika, na atatangulia kwa mbali.

Hali hubadilika kabisa pale kwenye chaja ya haraka. Betri huhifadhi umeme wa mkondo mnyoofu, unaotiririka upande mmoja tu, wakati gridi ya taifa husambaza mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde, hivyo lazima pawe na kifaa cha kuugeuza. Kifaa hicho kikibebwa ndani ya pikipiki huwa kidogo, kwa ajili ya uzito na nafasi, lakini kikijengwa ndani ya kituo kinaweza kuwa kikubwa na kuisukumia betri kilowati 20 au zaidi moja kwa moja. Kwa kilowati 20, mpandaji wa kilomita 120 kwa saa hupata wastani wa kilomita 70, na wa kilomita 60 hupata 54 tu, kwa hiyo haraka huanza kulipa. Hesabu hiyo ilithibitishwa barabarani mwezi Machi 2020, wakati Mswisi Michel von Tell alipokwenda kilomita 1,723 kwa LiveWire katika muda usiozidi saa 24, akitumia chaja za haraka zilizoenea kandokando ya barabara kuu za Uswisi na nchi jirani. Wastani wake ulikuwa karibu kilomita 72 kwa saa, pamoja na vituo vyote.

Upande wa pili wa kipimo yuko Mjerumani Sinje Gottwald, aliyeondoka Uhispania mwaka 2022 na kushuka pwani ya magharibi ya Afrika hadi Cape Town kwa pikipiki nyepesi ya Kalk, iliyotengenezwa na kampuni ya Cake ya Uswidi. Alikwenda peke yake bila gari la kumsaidia, akichaji popote penye umeme, na kilomita zake takriban 13,000 zilimchukua siku 124, yaani zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa siku zikijumlishwa siku za mapumziko na za kungoja. Mafanikio yake yanastahili heshima kubwa kuliko rekodi za mwendo, kwa sababu yalionyesha kwamba barabara isiyo na kituo hata kimoja cha pikipiki za umeme bado inapitika, mradi chombo ni chepesi na msafiri ameukubali mwendo ambao soketi zinamruhusu.

Safari iliyotazamwa na watu wengi zaidi ni ile ya waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman, ambao mwaka 2019 walipanda LiveWire zilizofanyiwa marekebisho kutoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, hadi Los Angeles, umbali wa takriban kilomita 21,000 uliorekodiwa katika kipindi cha televisheni cha Long Way Up. Walikuwa na magari ya kuwasaidia, na chaja zilifungwa mapema katika sehemu za njia yao, lakini baridi ya Patagonia iliwasumbua tangu siku za mwanzo. Katika baridi, chembe za lithiamu hupita kwa shida ndani ya kimiminika cha betri, hivyo umbali unaopatikana hupungua, na betri ikichajiwa kwa nguvu chini ya nyuzi 0 za selsiasi, lithiamu hujipaka kama utando wa metali juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurekebishiki. Hata katika hali ya hewa nzuri, betri hupokea umeme kwa wingi hadi kufikia asilimia 80 hivi, kisha chaja hulazimika kupunguza mkondo. LiveWire hufika asilimia 80 kwa dakika 40, na asilimia 20 zinazobaki huhitaji dakika nyingine 20, ndiyo maana msafiri mzoefu hang'ang'anii kuijaza betri pale ambapo kituo kinachofuata ki karibu.

Kwenye nyanda za juu za Bolivia, zilizo mita 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mambo yalikuwa kinyume. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu thuluthi moja kuliko ile ya pwani, na injini ya petroli, ambayo huhitaji oksijeni ili kuchoma mafuta, hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, wakati mota ya umeme haipungukiwi na chochote na hata hunufaika kwa kupingwa kidogo na hewa. Kuupanda mwinuko wowote, hata hivyo, kuna gharama. Kuzipandisha kilo 250 kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, kupitia miinuko mikali ya Kitonga, huhitaji zaidi ya uniti moja juu ya ile inayotumika katika tambarare. Sehemu ya nishati hiyo hurudi wakati wa kushuka, mota inapogeuka jenereta na kuipunguza mwendo pikipiki, lakini kinachorudi ni kidogo kuliko katika gari, kwa kuwa mota huunganishwa na gurudumu la nyuma, na uzito huhamia mbele kila pikipiki inapofunga breki.

Kwa Afrika Mashariki, jaribio lenye mafunzo mengi zaidi ni la mwaka 2024, ambapo kampuni ya Roam ya Nairobi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, iliendesha pikipiki yake kutoka Nairobi hadi Stellenbosch nchini Afrika Kusini, takriban kilomita 6,000, kwa umeme wa jua. Paneli yenye ukubwa wa mita 2 za mraba hutoa kilowati 0.4 hivi chini ya jua kali la mchana, na kwa siku nzima njema huzalisha uniti 2, zinazotosha kilomita 50 za mwendo wa wastani. Anayetaka kwenda kilomita 300 kwa siku huhitaji paneli sita, yaani mita 12 za mraba, ambazo hakuna pikipiki inayoweza kuzibeba. Kwa hiyo jua linaweza kuivusha pikipiki barani kote, lakini paneli zenyewe lazima zisafiri kwa gari au zingojee njiani.

Vituo vya kubadilisha betri, ambavyo kampuni kama Ampersand imevijenga Rwanda na Kenya, vinamfaa sana mwendesha bodaboda anayezunguka mjini, lakini msafiri wa mbali huviacha nyuma mara anapotoka nje ya mtandao wa kampuni hiyo. Kwake yeye chaja ya haraka iliyo wazi kwa pikipiki za aina zote ina thamani kubwa zaidi, na umeme wa kuiendesha uko karibu kuliko inavyodhaniwa. Mashine ya kusaga nafaka ya kijijini, inayoendeshwa na umeme wa fezi tatu, mara nyingi huwa na mota ya kati ya kilowati 10 na 20, kiwango kinachokaribia kile cha chaja ya haraka ya pikipiki, na katika vijiji vingi vya kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia mashine za namna hiyo hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku, huku waya ukiwa tayari umefika.