Shairi la Delta Linauzwa Ghafi

Mnada wa korosho ukishafungwa na fedha zikaingia mifukoni, harusi huongezeka Kibiti. Kuanzia Bungu hadi vijiji vya delta ya Rufiji vinavyofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati, watu wengi hupata riziki: mwenye spika, mpiga kinanda, MC, mwimbaji. Mwimbaji hulipwa mara mbili. Kwanza hulipwa na mwenye shughuli, kisha na akina mama wanaoinuka na noti mkononi kumtunza ubeti unapowagusa. Aliyeutunga ubeti wenyewe mara nyingi hayumo kwenye hesabu. Alipewa chochote siku alipotoa maneno, au aliyatoa bure kwa kuwa mwimbaji ni jamaa yake.

Kama korosho inayoondoka bila kubanguliwa, shairi la huku huuzwa ghafi, na faida hubaki kwa wengine. Inauma, kwa sababu upungufu wa maneno haupo. Watoto hukua na kaswida na maulidi, na wapo wazee wanaosikia mara moja mshororo uliopungukiwa na mizani.

Shairi la mizani 16, la aina aliyoifafanua Sheikh Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, humfikia mwanamuziki likiwa na nusu ya kazi imeshafanywa. Mshororo umegawanyika 8 kwa 8, kina cha kati kinampa mwimbaji mahali pa kuvuta pumzi, na kibwagizo kinageuka kiitikio bila kuguswa. Mtia sauti wa taarabu huanzia hapo. Singeli ni habari nyingine: mapigo yanazidi 200 kwa dakika, mshororo mrefu humezwa, na prodyuza huukata au hurudiarudia kipande chake. Kukata huko kunahitaji ridhaa ya mtunzi, na ridhaa ina bei.

Mombasa iliwahi kuionyesha pwani nzima jinsi ya kufanya. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, na kanda zikauzwa na Mbwana Radio Service. Wapenzi wa taarabu walimjua mshairi kama walivyomjua mwimbaji. Kwetu Tanzania, Mrisho Mpoto amejenga kazi nzima juu ya maneno yanayobebwa na muziki, na Wizara ya Afya ilimtumia katika kampeni ya usafi ya Nyumba ni Choo. Kwa hiyo wateja wapo, na si wa harusi tu. Delta hii ina ujumbe mwingi unaostahili kulipiwa: utunzaji wa mikoko, uvuvi wa kamba, tahadhari ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024. Nani ataueleza vizuri kuliko aliyepoteza shamba la mpunga kwenye maji hayo?

Sheria inamlinda mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki juu ya shairi lake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kulitia muziki bila ruhusa yake ni kuivunja. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo bendi inaweza kuchukua shairi lake bila malipo. La mzee aliye hai kule Mbwera, deltani, haliwezi kuchukuliwa hivyo. Tatizo ni ushahidi. Shairi lililomo kichwani au kwenye daftari lisilo na tarehe ni vigumu kulitetea, na wimbo uliopandishwa YouTube kwa jina la mwimbaji peke yake humlipa mwimbaji peke yake.

Ili mtunzi arekodi mwenyewe kwa jina lake, mtaji upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sioni kwa nini kikundi cha vijana watunzi kisiombe mkopo huo kama kinavyoomba cha wafuga kuku au mafundi cherehani, kikanunua kipaza sauti na kompyuta ya kurekodia.

Nawaomba watunzi wa Kibiti na Rufiji: sajilini kazi zenu Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Na kabla maneno hayajaingia studio, wekeni saini kwenye karatasi inayosema nani katunga shairi, nani katia sauti, na kila mmoja anachukua asilimia ngapi.