Ulinganishaji wa hadhi ya wasafiri

Ulinganishaji wa hadhi ni utaratibu ambao shirika la ndege au kampuni ya hoteli humpa msafiri daraja la juu la uanachama kwa sababu tayari ana daraja kama hilo katika kampuni nyingine. Msafiri huonyesha uthibitisho wa hadhi yake ya kwanza, na kampuni mpya humpa inayofanana nayo bila kumtaka aanze kupanda kutoka ngazi ya chini. Kwa kawaida hadhi hiyo hutolewa kwa muda maalumu, mara nyingi kwa masharti.

Nchini Tanzania utaratibu huu huwahusu hasa wafanyabiashara, wataalamu na watumishi wa mashirika wanaosafiri nje ya nchi mara kwa mara. Miongoni mwao wamo wakazi wa miji iliyo mbali na viwanja vikubwa vya ndege, kama Njombe na Makambako.

Maili na hadhi

Mipango ya wateja wa kudumu huwa na hesabu mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni ya maili au alama za zawadi. Hizi hufanana na fedha: hukusanywa, hutumika kulipia tiketi au chumba, na zinaweza kuisha muda wake. Ya pili ni ya hadhi, yaani ngazi ya mwanachama, ambayo hupimwa kwa safari au usiku uliolala hotelini katika kipindi fulani, aghalabu mwaka mmoja.

Ulinganishaji huhusu hesabu ya pili tu. Mtu mwenye maili 80,000 katika shirika moja hahamishiwi hata maili moja anapokubaliwa na shirika jingine. Kinachotambuliwa ni ngazi yake.

Historia

Mipango hii ilikua baada ya Marekani kulegeza udhibiti wa usafiri wa anga mwaka 1978, ambapo mashirika yalianza kushindana kwa nauli na njia. American Airlines ilianzisha mpango wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na United Airlines ikafuata mwezi huohuo. Kampuni za hoteli za Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango yao mwaka 1983.

Baadaye mashirika ya ndege yaliungana ili kutambua wateja wa kila mmoja. Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya Airways ilijiunga na SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian Airlines ilijiunga na Star Alliance mwaka 2011. Air Tanzania na Precision Air hazimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu.

Mantiki ya kibiashara

Mteja mwenye hadhi ya juu ana sababu ya kutohama, kwa kuwa akihama hupoteza alichokijenga. Kampuni pinzani inayomtaka lazima imwondolee hofu hiyo. Kumlinganishia hadhi kunaigharimu kidogo, hasa ikiwa ndege zake zina nafasi, lakini kunaweza kumleta mtu ambaye tayari imethibitika kwamba husafiri sana.

Mfano wa karibu ni biashara ya mali kauli. Mwenye duka wa Makambako anayeaminiwa na muuzaji wa jumla mmoja hupewa mzigo na kulipa baadaye. Akienda kwa muuzaji mwingine asiyemfahamu, huulizwa amekuwa akichukua wapi na analipaje. Muuzaji mpya akiridhika, humpa mzigo wa kwanza na kumwangalia. Shirika la ndege nalo hutumia imani iliyojengwa kwingine, kisha humpima mteja kwa mwenendo wake mpya.

Jinsi unavyofanyika

Mwombaji hujiandikisha kwanza katika mpango mpya, jambo ambalo kwa kawaida halina malipo. Kisha hutuma kadi au picha ya skrini inayoonyesha jina lake, ngazi yake na tarehe ya mwisho ya ngazi hiyo. Kampuni nyingi hudai pia taarifa ya safari za miezi ya karibuni. Baadhi hutoza ada.

Majibu huwa ya namna mbili. Katika ulinganishaji kamili, hadhi hutolewa moja kwa moja kwa kipindi kilichotajwa. Katika ulinganishaji wa majaribio, hadhi hutolewa kwa muda mfupi, mara nyingi siku 90, na mteja hutakiwa kusafiri au kulala hotelini kwa kiasi fulani ndani ya muda huo ili iendelee.

Kampuni nyingi hukataa hadhi ambayo yenyewe ilipatikana kwa ulinganishaji au zawadi. Nyingi pia humruhusu mtu kuomba mara moja tu, au mara moja katika kipindi cha miaka kadhaa.

Ndege na hoteli

Kuna pia makubaliano ya kudumu kati ya mashirika ya ndege na hoteli. United na Marriott zina makubaliano ya aina hiyo tangu mwaka 2013: wanachama wa ngazi za juu wa United hupata ngazi ya Gold ya Marriott, na wale wa ngazi za juu kabisa za Marriott hupata ngazi ya Silver ya United.

Tanzania ina hoteli kadhaa zilizo chini ya majina ya kimataifa, kama Hyatt Regency na Four Points by Sheraton jijini Dar es Salaam na Park Hyatt mjini Zanzibar. Four Points ni jina la Marriott, kwa hiyo hadhi ya Marriott hutumika hapo.

Thamani ya hadhi

Faida za kawaida ni foleni fupi ya kukabidhi mizigo, kupanda ndege mapema, ukumbi wa mapumziko uwanjani na uzito wa ziada wa mizigo. Kwa mfano, mwenye Star Alliance Gold kwa kawaida huongezewa kilo 20 pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja pale inapohesabiwa kwa idadi. Hotelini, faida huwa chumba bora kikipatikana, kuchelewa kutoka na wakati mwingine kifungua kinywa.

Ugumu wa kuipata huonekana katika Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2018, ngazi ya Silver ilihitaji alama 100, kisha Gold alama nyingine 180. Safari ya moja kwa moja yenye umbali kama wa Dar es Salaam hadi Amsterdam ilihesabiwa alama 10 katika daraja la kawaida, yaani 20 kwa kwenda na kurudi. Anayeanza sifuri alihitaji safari tano kufika Silver, na nyingine tisa kufika Gold. Aliyelinganishiwa hadhi huzikwepa safari hizo 14.

Kwa wasafiri wa Njombe na Makambako

Makambako iko kwenye makutano ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na barabara ya Njombe–Songea, na ina kituo cha reli ya TAZARA. Njombe iko takriban kilomita 60 kusini mwake. Msafiri wa nje ya nchi kutoka miji hii kwa kawaida husafiri kwa barabara hadi Dar es Salaam, au hadi Uwanja wa Songwe, Mbeya, kisha huunganisha kwa ndege ya ndani. Basi, treni na nyumba ya kulala wageni ya njiani havihesabiwi katika mipango ya miungano iliyotajwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa njiani siku nyingi kwa mwaka na bado awe na alama chache.

Tuseme mfanyabiashara wa vipuri wa Makambako husafiri mara nne kwa mwaka kwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, na ana ngazi ya Gold. Hadhi hiyo tayari hutambuliwa na Turkish Airlines na Lufthansa kwa kuwa zimo katika Star Alliance, hivyo kuomba kulinganishiwa huko humwongezea kidogo. Ulinganishaji humfaa zaidi akihamia shirika lililo nje ya muungano huo.

Hata hapo, lazima aangalie kalenda. Akipewa siku 90 za majaribio zinazodai safari mbili, naye husafiri kila baada ya miezi mitatu, anaweza kukosa sharti na kupoteza nafasi ambayo huenda asiipate tena. Msafiri wa msimu, kama mnunuzi wa maparachichi anayefuata masoko ya nje, huomba kwa faida zaidi safari zake zinapokaribia kufuatana.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

– Jina la uanachama lifanane na la pasipoti, hasa kwa watu wanaotumia majina matatu.
– Namba ya uanachama iingizwe kwenye tiketi. Wakala wa tiketi anaweza kuiacha asipoambiwa.
– Pasi za kupanda ndege zitunzwe hadi safari ionekane kwenye akaunti.
– Baadhi ya tiketi za bei ya chini huhesabiwa alama chache au hazihesabiwi kabisa.

Ukosoaji

Lawama kubwa ni kwamba hadhi humfanya mteja alipe nauli kubwa, au asafiri bila shughuli, ili asishuke ngazi. Safari ya namna hiyo huongeza pia uchafuzi wa hewa. Tena kampuni huweza kubadili masharti wakati wowote, na hadhi si mali ya mteja.

Kuna pia suala la usalama wa taarifa, kwa kuwa mwombaji hutuma jina, namba ya uanachama na orodha ya safari zake. Nyaraka hizo kwa kawaida hutumwa kupitia njia rasmi ya kampuni husika, na kwa kawaida mwombaji hahitaji kutuma nywila ya akaunti yake.

Kwa mtu anayesafiri mara moja au mbili kwa mwaka, nauli nafuu na muda mzuri wa ndege kwa kawaida vina thamani kuliko hadhi. Kulipia begi la ziada siku linapohitajika huweza kuwa rahisi kuliko kununua safari moja isiyo ya lazima.