Unakwenda Malindi kwa Gari? Anza na Makabrasha

Likizo ya Desemba ikikaribia, swali katika nyumba nyingi za Dar es Salaam huwa ni lile lile: safari hii twende wapi? Kama jibu la familia yako ni Malindi, na kama gari lipo na dereva yupo, basi makala haya ni yako. Hatuizungumzii Malindi ya Unguja, bali ule mji mkongwe wa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kilifi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Malindi kwa kupitia Tanga ni kama kilometa 640, pungufu sana ya safari ya Mwanza. Barabara ni ya lami, na Kenya nako watu huendesha kushoto. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kinachoweza kukuharibia likizo si umbali. Ni karatasi moja iliyosahauliwa kabatini.

GARI NALO LINA HATI ZAKE

Wengi hukumbuka pasipoti zao wakasahau kwamba mbele ya afisa wa forodha gari ni mali inayotoka nchi moja na kuingia nyingine, na serikali zote mbili zinataka uhakika kwamba halitauzwa huko liendako. Ndiyo maana hutolewa kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo iandike mahali utakapoiona kila siku. Ukitaka kuongeza siku za kuogelea, omba nyongeza ya kibali kabla hakijaisha, kwani gari lililopitiliza muda linaweza kukutia kwenye faini au hata kukamatwa.

Beba kadi halisi ya gari. Kama gari ni la ndugu, la kampuni au la mkopo wa benki, beba barua ya mwenye mali inayokuruhusu kuvuka nalo mpaka. Bima yako ya nyumbani haikutoshi. Ongeza Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hulipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa nje ya nchi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huo wa bima.

Kadi hiyo usiichanganye na ile nyingine ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho nacho kibebe, kwani huenda ukaulizwa, hasa wakati wa kurudi.

WATOTO WASISAHAULIKE

Kila mtoto, hata anayenyonya, awe na hati yake ya kusafiria. Asiye na pasipoti anaweza kuombewa hati ya dharura Uhamiaji. Usitegemee kitambulisho cha taifa peke yake. Katika familia zetu, gari la likizo halikosi mpwa au mtoto wa jirani. Huyo abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi wake. Hali kadhalika mtoto anayesafiri na mzazi mmoja. Ni heri kuandika barua hiyo sebuleni kuliko kumweleza afisa ukoo wenu dirishani huku mtoto analia.

MPAKA ULIWAHI KUFUNGWA

Vituo vya Horohoro na Lunga Lunga sasa hufanya kazi kwa pamoja: aendaye Kenya humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Lunga Lunga, na arudipo humalizia Horohoro. Waelezeni watoto kwamba haikuwa hivi siku zote. Mstari huo ulivutwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 kuanzia mdomo wa Mto Umba, na Wadigo wakajikuta huku na huku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Foleni ya saa moja si kitu mbele ya miaka zaidi ya sita.

NJIANI

Mwenye watoto alale Tanga. Kutoka hapo hadi Horohoro ni kilometa 65. Acha mifuko ya plastiki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, nasi tukafuata Juni 2019. Hakikisha una pembetatu za tahadhari, kizima moto na tairi ya akiba, na mikanda ifungwe viti vyote.

Ukikaribia Mombasa una njia mbili: kivuko cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu inayokutoa Kwale hadi upande wa Miritini bila kupanda pantoni. Kutoka Mombasa zimebaki kilometa kama 120. Kilifi utapita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla yake magari yalivushwa kwa pantoni.

UKIFIKA

Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, bahari huwa safi. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Sabaki huleta udongo mwekundu na maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai. Hapo watu hukimbilia Watamu, kusini kidogo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Humo chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi tangu Juni 2020, basi beba chupa za kudumu.

Wanafunzi wasiishie majini. Wapelekeni kwenye mnara wa Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498. Waambieni pia kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China. Kisha nendeni Gede, mji wa mawe uliohamwa karne nyingi zilizopita, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Wiki mbili kabla ya safari, kaeni mezani, mtaje kila hati kwa jina na kuitia katika bahasha moja. Bahasha hiyo ikae kwa mtu mmoja tu, naye asiwe dereva.

Safari njema.